Klabu Ikifa, Nani Atalia?

Kisumu haina shida ya uwanja. Tarehe 1 Juni 2021 sherehe za kitaifa za Madaraka zilifanyika katika uwanja mpya wa Jomo Kenyatta kule Mamboleo, palipokuwa viwanja vya maonyesho ya kilimo, na Uwanja wa Moi ungali pale pale mjini kwa mechi za kawaida. Shida si watu pia, maana sensa ya 2019 ilihesabu wakazi 1,155,574 katika kaunti hii. Wala hakuna anayeweza kudai kwamba mwambao wa Ziwa Victoria, kuanzia Bondo hadi Homa Bay na Migori, umepungukiwa na mapenzi ya kandanda. Vijana wa huku wamekuwa wakijaza vikosi vya Nairobi na timu ya taifa tangu zamani. Hata hivyo, Western Stima iliposhuka daraja mwaka 2021, jiji la tatu la Kenya lilibaki bila klabu yake katika ligi kuu, na misimu ikapita likiwa vivyo hivyo. Mwaka mmoja kabla yake, Kisumu All Stars ilikuwa imeshuka baada ya kuionja ligi hiyo msimu mmoja tu. Awendo, Chemelil na Muhoroni, miji ya miwa iliyokuwa na klabu za ligi kuu, yote imepoteza nafasi hiyo. Ukiuliza sababu, jibu litakuja kabla hujamaliza swali: pesa. Jibu hilo si uongo, ila linaishia njiani. Nikizitazama klabu hizi moja baada ya nyingine, naona kwamba pesa ziliisha kwa sababu zilikuwa zinatoka mfuko mmoja, na mfuko ulikuwa mmoja kwa sababu klabu hazikuwa na wenyewe. Kosa hilo hufanyika mapema, katika miaka ile miwili mitatu ya kwanza ambayo kila mtu anashangilia na hakuna anayeuliza maswali.

Tuanze na Kisumu All Stars, kwa kuwa ndiyo iliyobeba matumaini ya mji kwa jina na kwa mahali. Msimu wa 2018/19 ilimaliza nafasi ya pili katika ligi ya daraja la chini, nyuma ya Wazito ya Nairobi, na zote mbili zikapanda. Ilikuwa timu ya mji iliyoegemea zaidi mkono wa serikali ya kaunti. Mwanzoni mpango huo unavutia: kaunti ina bajeti, ina idara ya michezo, ina viwanja, na Katiba ya 2010 imeziachia serikali za kaunti shughuli na vifaa vya michezo. Lakini bajeti ya umma ina mwendo wake. Hupitishwa bungeni, husubiri fedha kutoka hazina kuu, hukaguliwa, na kila miaka mitano hukutana na uchaguzi. Mchezaji naye analipa kodi ya nyumba kila mwisho wa mwezi. Karani wa kaunti anayechelewesha hati ya malipo kwa wiki sita hana ubaya na mtu, anafuata taratibu tu, ila wiki sita kwa timu iliyo mkiani ni mechi tano au sita. Ligi ya 2019/20 ilikatizwa na janga la korona, Gor Mahia wakatangazwa mabingwa, na Kisumu All Stars wakapelekwa kwenye mchujo dhidi ya Vihiga United. Wakashindwa. Mji wenye watu wote wale haukuandamana wala haukuchanga. Ulisoma habari gazetini, ukaendelea na shughuli zake.

Inafaa kueleza kidogo gharama zenyewe, kwa sababu shabiki anayelipa kiingilio huona dakika tisini tu. Ligi ya timu 18 ina mechi 34 kwa msimu, na 17 kati yake ni za ugenini. Kwa klabu ya Kisumu, kwenda kucheza na Bandari kule Mombasa ni zaidi ya kilomita 800 kwa barabara, na kurudi ni vivyo hivyo. Hapo panahitajika basi, dereva wa pili, hoteli ya watu wasiopungua ishirini na tano, chakula cha siku tatu, na posho. Nairobi, ambako klabu nyingi za ligi ziko, ni kama kilomita 350. Klabu ya Nairobi inaweza kucheza nusu ya mechi zake za ugenini bila kulala nje ya mji hata usiku mmoja. Klabu ya ziwani haina bahati hiyo, na msimu wake unagharimu zaidi hata kabla haijasajili mchezaji mmoja. Juu ya hayo kuna leseni ya klabu, ambayo kwa kanuni za shirikisho la Afrika inadai timu ya vijana, uwanja unaokubalika, makocha wenye vyeti, hesabu zinazoeleweka na mikataba iliyoandikwa. Muhoroni Youth, iliyopanda ligi kuu mwaka 2012, ilikwamia hapo baada ya msimu wa 2016: ilinyimwa leseni, na vita vyake vikawa vya makaratasi zaidi ya mabao.

Awendo inaonyesha mwisho wa njia hiyo ya mfuko mmoja waziwazi zaidi. Klabu ya SoNy Sugar, mtoto wa kiwanda cha sukari cha South Nyanza katika kaunti ya Migori, ilitwaa ubingwa wa Kenya mwaka 2006. Si jambo dogo. Mji mdogo uliozungukwa na mashamba ya miwa uliwapita vigogo wote wa Nairobi, na Uwanja wa Green wa Awendo ukawa mahali ambapo timu kubwa zilikuwa zinaogopa kwenda. Miaka kumi na tatu baadaye, Novemba 2019, klabu hiyo hiyo ilifukuzwa ligini kwa kushindwa kufika kwenye mechi tatu. Mechi ya namna hiyo huwa na sura yake. Wapinzani wanavaa, wanapasha misuli moto, waamuzi wanatoka na mpira, wanasimama katikati wakitazama saa. Muda uliowekwa ukipita, refa anapuliza, anaandika ripoti, na ushindi wa mezani unakwenda kwa waliofika. Wale wasiofika wako wapi? Wako kambini au nyumbani, wakisubiri nauli. Bingwa wa nchi aliondolewa na nauli ya basi.

Kiwanda chenyewe kilikuwa kinatapatapa. Sekta ya sukari katika ukanda wa ziwa imekuwa ikizama kwa miaka mingi chini ya madeni, mitambo iliyochakaa, uhaba wa miwa na sukari ya bei nafuu kutoka nje. Miwani, kiwanda cha kwanza kabisa katika eneo hili, kilifungwa. Muhoroni kiliwekwa chini ya mrasimu mwaka 2001. Chemelil, ambayo klabu yake ilianza mwaka 1968, ilishuka ligi kuu mwaka 2020. Mkulima anapodai malipo ya miwa aliyopeleka mwaka juzi, na mfanyakazi anadai mshahara wa miezi, meneja gani atathubutu kutia saini hundi ya kununua viatu vya mpira? Hapa siwalaumu mameneja. Kampuni ilianzisha klabu ili kuwapa wafanyakazi burudani na kupata jina, na ilipofika mahali pa kuchagua kati ya burudani na mashine, ilichagua mashine, kama ambavyo ingefanya kampuni yoyote. Mwaka 2025 serikali ilivikodisha viwanda vya Chemelil, Muhoroni, SoNy na Nzoia kwa wawekezaji binafsi kwa miaka 30. Mwekezaji anayekuja kwa hesabu za tani za miwa hatarajiwi kufufua timu ya mpira kwa huruma. Western Stima nayo ilikuwa na hadithi inayofanana: Kenya Power ilipoondoa udhamini mwaka 2020, klabu haikumaliza mwaka wa pili ligi kuu. Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini, na hawa walikuwa wanategemea cha ndugu ambaye mwenyewe alikuwa anadaiwa.

Sasa tazama klabu nyingine iliyozaliwa mwaka ule ule wa 1968 ambao Chemelil ilianza. Tarehe 17 Februari 1968 Gor Mahia ilianzishwa kwa kuunganisha Luo Union na Luo Sports Club, na mwaka huo huo, katika jaribio lake la kwanza, ikachukua ubingwa wa taifa. Mwaka uliofuata ikautetea. Klabu changa hupata wapi nguvu za kushinda ligi kabla jezi hazijachujuka? Jibu liko nyuma zaidi ya 1968. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, ilifungua njia ya vibarua, makarani na mafundi kutoka ziwani kwenda Nairobi, Mombasa na Kampala. Ugenini walijenga vyama vya kusaidiana: vya kumsafirisha marehemu nyumbani, kumtafutia kijana kazi, kusuluhisha ugomvi wa ndoa, kuchangia karo. Luo Union ilikuwa mwavuli wa vyama hivyo, ikiwa na matawi kila mji wenye bohari la reli au gati la bandari. Timu ya mpira ilikuwa tawi mojawapo la mti huo, na ilishinda ligi ya taifa mwaka 1964, ligi ikiwa na mwaka mmoja tu. Kwa hiyo Gor Mahia haikuanza na mashabiki sifuri ikisubiri kuwapata. Ilianza na watu waliokwisha kuzoea kuitwa mkutanoni, kutoa mchango, kuandikwa jina na kumwuliza mweka hazina pesa zimekwenda wapi. Soka lilikuja juu ya mazoea hayo.

Kisha zikaja siku ngumu, na hapa ndipo tofauti na klabu ya kiwanda inapojitokeza. Julai 1969 waziri Tom Mboya, mwenye asili ya ziwani, aliuawa Nairobi. Tarehe 25 Oktoba mwaka huo, Rais Kenyatta alipokuja Kisumu kufungua hospitali mpya, ghasia zilizuka na polisi wakawafyatulia risasi watu. Siku chache baadaye chama cha upinzani cha KPU kilipigwa marufuku na kiongozi wake, Oginga Odinga, akawekwa kizuizini. Kwa watu wa ziwani, mahali pa kukusanyika hadharani bila kuulizwa maswali palibaki pachache, na uwanja wa mpira ukawa pamojawapo. Sisemi kwamba uchungu ni mtaji mzuri wa klabu, na Mungu apishe mbali klabu nyingine yoyote isianze hivyo. Nasema kwamba katika miaka yake ya mwanzo Gor Mahia ilipata kazi ya kufanya katika maisha ya watu ambayo haikutegemea msimamo wa ligi. Mabao yalifuata: ubingwa wa 1974, ule wa 1976 bila kupoteza mechi, fainali ya Kombe la Washindi la Afrika mwaka 1979 iliyopotea mbele ya Canon Yaoundé, na hatimaye kombe lenyewe mwaka 1987, baada ya sare ya 2–2 Tunis na 1–1 Nairobi dhidi ya Espérance. Hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyowahi kutwaa kombe la bara.

Lakini ushahidi ninaouthamini kuliko vikombe ni ukame. Baada ya ubingwa wa 1995, Gor Mahia ilikaa miaka 18 bila kushinda ligi, hadi 2013. Miaka kumi na minane ni muda wa mtoto kuzaliwa na kupata kitambulisho. Katika kipindi hicho klabu iligombana na viongozi wake, ilibadilisha makocha ovyo, ilicheza bila mishahara, na kuna misimu ilipopigania tu isishuke. Kampuni gani ingevumilia timu ya namna hiyo? Ingefunga vitabu mwaka wa nne. Gor haikufungwa kwa sababu hapakuwa na mtu mmoja mwenye uwezo wa kuifunga. Mwendesha bodaboda wa Kondele, mama anayeuza omena Kibuye, wakili wa Nairobi na fundi wa bandarini Mombasa, kila mmoja alijiona ana sehemu yake, na mfu hazikwi ikiwa wenyewe hawajakubali kwamba amekufa. Jambo lile lile lilionekana Agosti 2019. SportPesa, iliyokuwa inadhamini ligi nzima pamoja na Gor Mahia na AFC Leopards, iliyowapeleka Gor kucheza na Everton Dar es Salaam mwaka 2017 na Goodison Park mwaka 2018, ilijiondoa baada ya serikali kutoongeza leseni yake. Ndani ya wiki chache tu, klabu zilipoteza nguzo. Msimu huo huo SoNy ikafukuzwa, Chemelil ikazama. Gor, ikiwa na wachezaji wanaolalamikia malimbikizo ya mishahara, ikatangazwa bingwa.

Msomaji makini atasema: vipi kuhusu Tusker? Klabu hiyo ya kiwanda cha bia imeishi kwa pesa za kampuni kwa miongo mingi, ina mataji mengi, na haijawahi kujaza uwanja kama Gor. Na ng'ambo ya mpaka, Azam ya Dar es Salaam iliundwa na kampuni, ikapanda ligi kuu mwaka 2008, na msimu wa 2013/14 ikawa bingwa mbele ya Simba na Yanga, vyama vya wanachama vyenye umri wa babu. Pingamizi hili lina uzito na silikwepi. Linathibitisha kwamba klabu ya mfuko mmoja inaweza kuishi, kwa sharti moja: mfuko wenyewe uwe na afya na mwenye mfuko aone faida. Kampuni ya bia au ya unga na vinywaji inauza bidhaa kwa watu wale wale wanaotazama mpira; timu kwake ni tangazo linalokimbia. Kiwanda cha sukari cha serikali chenye madeni hakimuuzii shabiki chochote ambacho jina la timu litaongeza. Kadhalika klabu za jeshi, polisi, bandari na benki hazifi kirahisi kwa sababu wenye nazo hawafi kirahisi. Basi swali kwa mtu wa Kisumu ni jepesi: ni kampuni gani yenye afya, yenye makao hapa ziwani, yenye bidhaa ya kuuza kwa shabiki, iliyo tayari kubeba klabu kwa miaka ishirini? Mpaka itakapopatikana, mfano wa Tusker ni mzuri kwa wenye Tusker. Hata kampuni za kamari, zilizoonekana kama mvua ya neema, zimetufunza kitu: BetKing ilitia saini mkataba wa miaka mitano na ligi mwaka 2020, ukavunjika baada ya msimu mmoja.

Pingamizi la pili linauma zaidi. Unaisifu Gor Mahia, mtu atauliza, klabu ambayo kila mwaka inadaiwa, ambayo FIFA iliizuia kusajili wachezaji kwa sababu ya kutolipa wale wa zamani? Ni kweli, na wala si kosa la kupita. Umma uliiweka klabu hai, lakini umma haukuifanya iwe klabu ya kulipwa kwa maana kamili. Kuna tofauti kati ya kuwa na wapenzi na kuwa na wanachama. Mpenzi anakuja uwanjani timu ikishinda, anavaa jezi iliyoshonwa Gikomba ambayo klabu haipati hata senti, na anapitia ukutani akiweza. Mwanachama ana namba, analipa ada, anahudhuria mkutano mkuu, anasoma hesabu, anapiga kura. Gor Mahia kwa miaka mingi ilikuwa na mamilioni ya wale wa kwanza na orodha fupi ya hawa wa pili, ndiyo maana mapato ya mlangoni yaliweza kuyeyuka kati ya lango na benki bila mtu kushika koti la mtu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo hoja yangu haisemi kwamba klabu mpya ya Kisumu iige Gor jinsi ilivyo. Inasema ichukue kile ambacho Gor ilizaliwa nacho na kuongeza kile ambacho Gor haikukitilia maanani.

Wapo pia watakaoona hatari katika kuisifu klabu yenye asili ya kabila moja. Historia yenyewe inawaunga mkono kwa kiasi. Luo Union ilirudi uwanjani kivyake, ikashinda ligi mwaka 1975 na Kombe la Klabu Bingwa la Afrika Mashariki na Kati mwaka 1976 na 1977. Mwaka 1980 serikali ya Rais Moi ilipopiga marufuku vyama na majina ya kikabila, ikalazimika kuitwa Re-Union, na haikuchukua muda kudhoofika. Klabu ya Abaluhya nayo ikawa AFC Leopards na ikasalimika. Kumbe hata klabu yenye watu inaweza kufa? Ndiyo, ikiwa watu hao hao wana klabu nyingine inayowatosha, na Gor ilikuwepo. Lakini fundisho kubwa zaidi ni kwamba kilichodumu katika Gor si ukoo. Klabu iliyorudi kileleni mwaka 2013 iliongozwa mbele na Mganda Dan Sserunkuma, na baadaye ikategemea mabao ya Meddie Kagere na Jacques Tuyisenge waliochezea Rwanda. Hakuna aliyewauliza kijiji. Na Kisumu ya leo si kijiji cha mtu mmoja. Ni mji wa Wajaluo na Waluhya, wa Wahindi ambao babu zao walifungua maduka reli ilipofika, wa Wanubi, Wasomali, Wakisii, na wanafunzi wa vyuo kutoka kila pembe. Klabu ya mji inaweza kuwaandikisha wote kwa kigezo kimoja tu: ada imelipwa.

Lipo pia pingamizi la umaskini, na ndilo linalotolewa na wenye nia njema. Watu wa ziwani wana shida, samaki wamepungua, gugumaji linaziba ghuba, vijana hawana kazi. Utawaomba vipi pesa za mpira? Nadhani pingamizi hili linawadharau watu linaotaka kuwatetea. Hakuna mtaa Kisumu usio na chama cha akina mama cha kuweka na kukopeshana, hakuna kituo cha bodaboda kisicho na mfuko wa dharura, hakuna mwalo, iwe Dunga au kwingineko, usio na kamati inayotoza ushuru mdogo kwa kila chombo kinachotua. Harambee ya mazishi hukusanya kwa wiki moja fedha ambazo klabu nyingi za daraja la chini hazioni kwa mwezi. Tupige hesabu rahisi, ya kukadiria tu. Watu elfu tano wakilipa shilingi mia moja kwa mwezi, bei ya soda na maandazi, klabu inapata shilingi laki tano kila mwezi, milioni sita kwa mwaka. Hazitoshi kuendesha ligi kuu. Ila zinatosha kulipia nauli ya basi kwa kila mechi ya ugenini, yaani kile kitu hasa kilichoiua SoNy. Na zinabadilisha mazungumzo na mfadhili. Mwenye kampuni anayeletewa barua ya kuombwa msaada huitupa; anayeletewa daftari lenye majina elfu tano yaliyolipa mfululizo kwa miezi kumi na miwili anaona soko.

Dunia ina mifano ya klabu zilizoanza hivyo. Mwaka 2002 mashabiki wa Wimbledon ya London, waliokasirishwa na wenye klabu kuihamishia mji mwingine, waliunda AFC Wimbledon yao wenyewe katika madaraja ya chini, na mwaka 2011 ikaingia katika ligi za kulipwa za Uingereza. Ilichukua miaka tisa. Sikuleti mfano huo ili Kisumu ijifananishe na London. Nauleta kwa ajili ya namba hiyo ya miaka. Kisumu All Stars ilitakiwa kupanda, kutulia na kung'ara ndani ya miezi kumi. Tanzania nako Simba, klabu ya wanachama tangu 1936, iliamua mkutanoni kumpa mwekezaji asilimia 49 na kubakiza 51 kwa wanachama. Mvutano kuhusu utekelezaji haukuisha siku ile, lakini angalau palikuwa na wanachama wa kuvutana naye. Kwetu, mwekezaji akija Awendo au Muhoroni, atajadiliana na nani?

Sheria ya Michezo ya 2013 inazitaka klabu zisajiliwe kwa Msajili wa Michezo, na katiba ya klabu ndiyo inayosajiliwa. Hapo ndipo pa kuanzia, na panapuuzwa kwa sababu hapana picha za magazetini. Waanzilishi wengi hunakili katiba ya klabu nyingine, wanabadilisha jina, wanakimbilia kununua jezi na kumtambulisha kocha. Katiba inayofaa Kisumu ingeandika wazi kwamba kaunti ni mpangishaji wa uwanja wala si mwenye klabu. Kwamba mfadhili hununua nafasi kifuani mwa jezi wala si viti vya kamati. Kwamba hesabu zinasomwa mbele ya wanachama kila mwaka na mkaguzi wa nje. Na kwamba hakuna chanzo kimoja cha fedha kitakachobeba zaidi ya nusu ya bajeti. Sharti hilo la mwisho litaifanya klabu ipande polepole. Itakaa daraja la pili miaka minne au mitano, vijana wake wazuri watachukuliwa na Gor na Tusker, na magazeti yatasema mji hauna nia. Navumilia lawama hizo mapema kwa niaba yake. Klabu iliyopanda upesi kwa hundi ya mtu mmoja tumeiona ikishuka upesi vile vile, na si mara moja.

Kwa hiyo, wapenzi wa soka wa Kisumu, siku atakapotokea mheshimiwa au mwekezaji pale Mamboleo na jina jipya, rangi mpya na ahadi ya kupanda ligi kuu baada ya msimu mmoja, pigeni makofi kwa adabu. Kisha muombeni awaonyeshe katiba na daftari la wanachama. Akisema vitakuja baadaye, msinunue jezi.